Aliyeandika Ndiyo: Miaka Thelathini na Miwili ya Bwana Abner Ombati

Bwana Abner Ombati, Ofisa wa Hati za Mauzo ya Nje katika Ushirika wa Jiwe Jeupe, anastaafu leo, Alhamisi tarehe 30 Aprili 2026, baada ya kutumikia miaka thelathini na miwili bila barua ya onyo, bila siku ya kuchelewa inayokumbukwa na, kwa miaka saba ya mwisho, bila mtu wa kunywa naye chai. Hilo la mwisho haliandikwi kwa kawaida kwenye wasifu wa mstaafu. Mwandishi ameliandika makusudi, na meneja akilikata, alikate pamoja na jina la mwandishi.

Wengi mmeuliza kwa nini sherehe hii haifanyiki hotelini mjini Kisii, penye kuku na kipaza sauti kisichokoroma. Inafanyika hapa Tabaka, kwenye uwanja wa karakana, kwa sababu mstaafu aliulizwa anataka zawadi gani akasema hataki zawadi, anataka kuagwa Tabaka. Hapa ndipo mahali ambapo tangu mwaka 2019 amekuwa akija kila Alhamisi na kurudi bila kusalimiwa na mtu. Tumekodi viti mia moja na ishirini. Wakati programu hii inakwenda kwa mpiga chapa, hatujui ni vingapi vitakaliwa.

Bwana Ombati alizaliwa Nyamira, katika familia ya majani chai na migomba, mtoto wa nne wa mzee wa kanisa la Wasabato. Alisomea biashara na akaajiriwa na Ushirika wetu tarehe 18 Aprili 1994, siku tatu tu baada ya mataifa kukutana Marrakesh na kutia sahihi mkataba uliozaa Shirika la Biashara Duniani. Sadfa hiyo aliipenda kupita kiasi. Aliitaja kwenye kila mkutano mkuu, na sisi wa nyuma tulikuwa na mchezo wa kuhesabu dakika kabla hajaitaja. Rekodi ni dakika nne, na hiyo ni pamoja na maombi ya kufungua.

Kwa wageni waliokuja na hawajui kazi yake ilikuwa nini: kiboko wa jiwe la sabuni akishachongwa na akina baba, akapigwa msasa ndani ya beseni la maji na akina mama, akapakwa nta hadi akang'aa, bado hajawa bidhaa. Ni jiwe zuri tu. Ili avuke bandari anahitaji cheti cha asili kuonyesha ametoka wapi, orodha ya mzigo, tamko la vifaa alivyofungiwa, na karatasi nyingine ambazo hubadilika kila waziri fulani wa nchi fulani anapoamka vibaya. Karatasi zote hizo zilipita mkononi mwa Bwana Ombati. Alizipiga chapa kwa vidole viwili, polepole, na hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kosa la tarehe.

Alikuwa pia mwalimu wetu. Alizunguka kwenye vikundi vya wakulima na wachongaji akieleza mambo ya biashara huria, na lazima tukiri kwamba wengine walikuja kwa ajili ya soda. Lakini pale Kenyenya, mwaka 2006, aliwaamsha wote. Aliwauliza: kama kamati ya soko la Keumbu ikiamua kutoza ndizi za Nyamira ushuru maradufu ili ndizi za nyumbani ziuzike, nani atafaidi? Wakasema watu wa Keumbu. Akawauliza: na Nyamira nao wakilipiza kwa kabichi za Keumbu? Basi, akasema, mataifa nayo ni hivyo hivyo, na ndiyo maana yakakaa chini yakaahidiana: ushuru usipandishwe ovyo, mgeni mmoja asipendelewe kuliko mwingine, na sheria mpya itangazwe mapema ili wengine wapate nafasi ya kuipinga. Mama mmoja akasimama akauliza, "Sasa hiyo shirika, chifu wake ni nani, na ako na askari wangapi?" Bwana Ombati alicheka mpaka akavua miwani. Akamjibu kwamba halina askari hata mmoja. Lina kitabu cha ahadi, na linachofanya ni kumsomea mtu ahadi yake mbele ya wenzake mpaka aone haya.

Hakuwa mshabiki kipofu. Alikuwa akisema biashara huria si mama wa mtu: inaweza kukulisha na inaweza kukuacha njaa, na nchi ndogo hufika kwenye meza ile na ofisa mmoja mahali ambapo nchi kubwa imefika na wanasheria kumi. Hata hivyo alishikilia kwamba meza mbovu ni afadhali kuliko kukosa meza. Mwaka 2013 wachongaji wetu walipoandika ombi kwamba vinyago vya kutoka nchi jirani vizuiwe kuuzwa Kisii, yeye peke yake alikataa kulipeleka. Aliwaambia hawezi kubisha mlango wa watu akiomba wafungue huku wa kwake ameuwekea kufuli. Walimnunia wiki tatu. Ukilinganisha na yaliyokuja baadaye, zile wiki tatu zilikuwa arusi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana hakuna mtu hapa asiyelijua, ila wengi mnalijua nusu.

Septemba 2018 tulipakia kontena kwenda nchi moja ambayo wakili wetu ametushauri tusiitaje, kwa hiyo tuiite Ng'ambo. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, kazi ya miezi mitano ya watu wa Tabaka. Kwenye tamko la vifaa vya kufungia kulikuwa na swali: je, kuna kitu chochote chenye asili ya mimea? Kila mwuzaji wa nje aliyewahi kufunga jiwe katika milima hii anajua jibu la kuandika. Unaandika hapana. Nasi sote tunajua kwamba ndani ya boksi, baina ya kiboko na kiboko, kuna majani makavu ya mgomba, kwa sababu ndivyo vitu vinavyofungwa hapa kwetu tangu enzi za mababu, na hakuna sponji inayoshika jiwe vizuri kama jani la mgomba.

Bwana Ombati aliandika ndiyo. Si ndiyo tu. Aliandika: ndiyo, majani makavu ya mgomba, safi, yaliyoanikwa siku kumi na nne, kutoka shamba la jirani yetu. Aliandika kwa fahari kabisa, mithili ya mtu anayeelezea mapishi ya mkewe.

Kontena lilizuiliwa bandarini Ng'ambo. Lingekuwa jambo la majani tu, tungeyaacha majani tukafunga kwa magazeti, yakaisha. Lakini Januari 2019 Ng'ambo ikatangaza amri mpya: vinyago vyote vya mawe laini kutoka upande huu wa dunia ni marufuku, hata vikifungwa kwa hariri, kwa sababu jiwe lenyewe eti lina vitundu vidogo vinavyoweza kuficha mayai ya wadudu. Jiwe letu lilishtakiwa kwa kubeba wadudu. Mwaka huohuo mteja wetu wa zamani alituma picha kutoka dukani kwao: rafu nzima ya viboko wa plasta, waliotengenezwa na kiwanda cha kulekule, wenye mgongo na macho kama ya viboko wa Tabaka. Mwenye macho haambiwi tazama. Lile kontena halikurudi, na yakafuata masika saba ya kazi ya kubahatisha.

Hapo ndipo salamu zilipokatika. Bi. Orpah Kemuma, ambaye kikundi chake cha akina mama kilipiga msasa viboko elfu moja mia tatu wa mzigo ule, alimwambia mbele ya watu, "Mzee, hiyo kalamu yako imefungia sisi soko. Si ungeandika tu hapana kama wengine?" Kisha akageuka akaendelea na kazi, na tangu siku hiyo hakumwambia neno. Wengine wakamfuata. Katika nchi hii ambayo mtu hawezi kupita kwenye boma la mwenzake bila kuulizwa ameamkaje, Bwana Ombati alipita katikati ya karakana nzima akisema "bwakire" kulia na kushoto, na kilichomjibu ni msasa.

Mwandishi angependa kusema kwamba ofisini alipata faraja. Hakupata. Tulikuwa na shughuli. Kila ilipofika saa nne ya chai sote tulikuwa na shughuli mahali pengine, na kikombe chake kilikaa peke yake kando ya birika.

Mtu mwingine angeomba kustaafu mapema. Yeye aliandika barua. Shirika la Biashara Duniani halina mlango wa mtu binafsi wala wa ushirika. Pale serikali ndiyo husema na serikali. Kwa hiyo aliandika kwa ofisa wa kilimo wa hapa, kwa wizara kule Nairobi, na kwa ujumbe wa Kenya ulioko Geneva. Barua arobaini na moja, na tunazo nakala. Hoja yake ilikuwa fupi: mkataba wa afya ya wanyama na mimea unaipa nchi haki ya kujikinga na wadudu, lakini unaitaka iwe na ushahidi wa kisayansi, na isitumie wadudu kama kisingizio cha kulinda kiwanda chake. Basi Ng'ambo ionyeshe huyo mdudu.

Huku akingoja, aliamua kumtafuta mdudu huyo mwenyewe. Mwaka 2021 aliweka mawe sitini kwenye maboksi yaliyofungwa kwa lakiri, akayapanga kwenye stoo ya hapa Tabaka, na kila mwezi kwa miaka miwili akayafungua mbele ya ofisa wa afya ya mimea aliyetia sahihi. Katika miaka miwili alipatikana mdudu mmoja, mende, naye alikuwa kwenye mfuko wa chakula cha mchana cha Bwana Ombati. Ofisa alimwandika hata hivyo, chini ya kichwa kisemacho mengineyo.

Kamati husika kule Geneva hukaa mara tatu kwa mwaka. Kenya iliuliza swali letu kwa mara ya kwanza Machi 2021, na Ng'ambo ikajibu kwamba inaendelea kuchunguza. Ikaulizwa tena, ikajibu kwamba uchunguzi umefika hatua muhimu. Bwana Ombati alizijua tarehe za vikao kama anavyoijua Sabato. Siku ya kikao alikuja amevaa tai na koti jeusi, akaketi mbele ya kompyuta yake mwisho wa korido, tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja, ingawa hakuna mtu wa Geneva aliyekuwa akimwona na kikao chenyewe hakikuonyeshwa popote. Mwandishi alipita nyuma yake siku hizo zaidi ya mara moja. Hakusimama.

Mkewe, Mama Nyamoita, alifariki Juni 2022. Wachongaji wa Ushirika wana desturi nzuri: mtu wao akifiwa, humpelekea jiwe lililong'arishwa lenye jina la marehemu, na hulibeba wenyewe hadi kaburini. Tuliwaona wakifanya hivyo kwa karani aliyekuwa na sisi miezi sita tu. Kwa Mama Nyamoita, kule Nyamira, hawakufika. Binti yake Natasha, ambaye ni muuguzi ughaibuni, alifuatilia mazishi kwa simu. Sisi wa ofisini tulikwenda, tukakaa saa moja na nusu, tukasema barabara ni mbaya. Jumatatu iliyofuata alikuwa mezani saa mbili kamili, anaandika barua ya ishirini na sita.

Kikao kilichobadilisha mambo kilikuwa cha mwaka jana. Ng'ambo ilisema wauzaji wa kwetu hawaaminiki, kwamba huficha wanavyofungia bidhaa zao, na ndiyo maana amri inabidi iwe kali. Hapo mjumbe wa Kenya akatoa nakala ya tamko la Septemba 2018. Akalisoma lote: majani makavu ya mgomba, safi, yaliyoanikwa siku kumi na nne, kutoka shamba la jirani yetu. Akauliza ni nani aliyeficha nini. Akaweka na taarifa ya mawe sitini na mende mmoja. Tunaambiwa watu walicheka, na katika nyumba ile kicheko cha wajumbe mia moja kina uzito mkubwa kuliko hotuba. Novemba 2025 Ng'ambo ikaiondoa amri yake kwa tangazo la mistari miwili, bila kuomba radhi.

Bwana Ombati aliichapa ile mistari miwili akaja nayo Tabaka siku ileile. Bi. Orpah aliipokea, akaisoma mara mbili, akauliza, "Ni ya ukweli hii?" Alipoambiwa ni ya kweli, aliikunja akaiweka kwenye leso yake, akarudi kwenye beseni. Februari kontena la kwanza liliondoka. Leo karakana ina kazi, vijana waliokuwa wamekwenda mijini kubeba mawe ya watu wamerudi kuchonga ya kwao, na Bwana Ombati bado anapita katikati bila kujibiwa. Safari hii si hasira tena, tunadhani. Ni aibu. Lakini kimya cha aibu na kimya cha hasira, kwa anayepita, ni kimoja.

Kwa hiyo ninaomba sasa niache kusema "mwandishi" niseme mimi.

Mimi ni Persis Gesare, Karani Mkuu. Katika ofisi yetu hakuna hati inayotoka ikiwa imeonwa na mtu mmoja tu. Kila tamko huandikwa na ofisa, hukaguliwa na karani, kisha meneja hupiga mhuri. Septemba 2018 mkaguzi nilikuwa mimi. Nililisoma lile tamko neno kwa neno. Niliona majani ya mgomba, nikaona shamba la jirani, nikacheka, nikasema Abner naye na ushamba wake, nikatia sahihi yangu chini ya yake. Meneja wa wakati ule akapiga mhuri bila kusoma. Zilikuwa sahihi mbili na mhuri mmoja.

Mkutano ulipoitwa hapa Tabaka mwaka 2019, meneja alisimama akawaambia kwamba ofisa wetu aliandika bila kushauriana na mtu. Abner alikuwa ameketi kushoto kwangu. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na niliiogopa kazi yangu. Niliangalia viatu vyangu. Alingoja kidogo, nafikiri alikuwa akiningoja mimi, kisha akasema tu, "Kalamu ilikuwa yangu." Hakuwahi kunitaja, si siku ile, si katika barua arobaini na moja, si wakati nilipopandishwa cheo. Ndiyo sababu sikuweza kunywa chai naye. Hamkuwa na habari hiyo, na ninyi mlimwadhibu mtu mmoja kwa neno la watu watatu, neno ambalo lilikuwa kweli, na ambalo ndilo limewarudishia soko. Kama angeandika hapana, mjumbe wetu angekuwa na nini cha kusoma?

Ninyi wa Tabaka mliokaa kwenye viti hivi, na hata ninyi mliosimama kule kwenye ukuta mkijifanya mnapita, hamdaiwi hotuba. Mtakapofika mwisho wa ukurasa huu yeye atakuwa pale mbele, amevaa tai na koti lake jeusi. Kwenye programu hatukuweka kipengele cha kumshika mkono kwa sababu hatukujua kama kuna atakayekuja. Wa kwanza nitakuwa mimi. Ninaomba nisiwe peke yangu.

Tata Abner, baba yetu, Ushirika unakushukuru kwa miaka thelathini na miwili, kwa mawe yote uliyoyavusha bahari, na kwa kuandika yaliyomo ndani ya boksi. Nyumba yako ya Nyamira isikose wageni, na chai yako isinywewe na mtu mmoja. Mimi nitafika Jumapili, nikikuta umeondoka nitakaa kwenye ngazi mpaka urudi. Unisamehe.

Persis Gesare
Karani Mkuu, Ushirika wa Jiwe Jeupe